Kreti ya Manga Saluni: Kipi Kinatuliza Kichwa, Kipi Kinakirusha

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja Bel-Air, hapa Lubumbashi: viti vitatu, kioo chenye ufa kwenye kona, na kreti ya bia ya Simba isiyo na bia. Ndani ya kreti kuna manga, vitabu vya Kijapani vya hadithi za kuchora. Wiki iliyopita nilizihesabu zikafika 61, ukiacha vitabu vinne vinene vya maandishi ambavyo nitavifikia. Rasta ndogo zinakula saa tano, hata sita kama mwenyewe kajaliwa nywele, na umeme kwetu ni kama shemeji: huja siku aliyopenda, huondoka bila kuaga. Televisheni ikizima, mteja anabaki akijitazama kwenye kioo, na mtu akijitazama sana anaanza kuujutia mtindo aliouchagua mwenyewe. Hapo ndipo vitabu viliponiokoa.

Vijana wakizungumza manga huwa wanabishana nani angempiga nani. Mimi kipimo changu nimekipata kwa vidole. Nikiwa nasuka, kichwa cha mtu kiko mikononi mwangu, na kitabu anachokisoma nakisikia kupitia shingo yake. Kuna kitabu kinachomtuliza kama maji ya mtungi, hata nikivuta zile nywele fupi za karibu na sikio haguni. Kuna kinachomchekesha, msuko ukaenda upande. Kuna kinachomfanya ainue uso kila ukurasa kuuliza, "Na huyu tena ni nani?" Basi mkiona ninakisifu kitabu ambacho nyinyi mnakidharau, jueni nimekisoma kwa mikono miwili iliyojaa mechi za nywele na mafuta.

Kwanza niseme jambo la mwelekeo, maana limenigharimu. Manga inafunguliwa pale ambapo sisi tunafungia. Wafaransa wanapoitafsiri siku hizi mara nyingi wanaiacha hivyohivyo, kulia kwenda kushoto, na hizi zangu zote ni za Kifaransa, za wachapishaji kama Kana, Glénat, Kurokawa na Pika. Nyingi kanitumia mdogo wangu aliye Liège, Ubelgiji, anazinunua zikiwa zimeshasomwa na wengine. Chache nimezipata kwa wauza vitabu wa mjini, upande wa Posta. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisoma juzuu zima kutoka mwisho hadi mwanzo, akanirudishia akisema hadithi si mbaya ila watu wanakufa kwanza halafu ndipo wanagombana. Tangu siku hiyo nimechukua kalamu nene, ndani ya kila jalada nimechora mshale na kuandika ANZIA HUKU. Aliyeifungua sawasawa bila kuelezwa ni mzee mmoja tu, jirani yangu Mwislamu, aliyekuja kumsubiri binti yake. Aliigeuza mara moja, akasema, "Kama msahafu," akaendelea kusoma. Baba yangu, aliyekulia kwenye Mwana Shaba Junior, gazeti la watoto la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mpaka leo anashikilia kwamba kitabu hicho kimekosewa kiwandani.

Jambo la pili: si wateja wote wanasoma Kifaransa, na wengine wanakisoma kwa shida. Kwa hiyo kuna binti wa chuo kikuu, mteja wangu wa kila mwezi, ambaye siku zake anakaa kiti cha ukutani na kutusomea kwa sauti, akitafsiri papo kwa papo na kueleza picha. "Sasa huyu amekasirika, mishipa imemtoka hapa. Sasa kuna mvua. Sasa hakuna maneno, anaangalia tu dirisha." Nusu ya manga ninazozijua nimezijua kwa masikio. Hilo linabadilisha hukumu. Kitabu chenye ngumi ukurasa baada ya ukurasa, msomaji anabaki akisema "paa, tena paa, amempiga, ameanguka," na saluni nzima inasinzia.

Ndiyo maana One Piece kwangu haina bahati. Eiichiro Oda aliianza 1997 na imeshapita juzuu 100. Ninazo 9, tena hazifuatani. Anayeisoma kimya anacheka kwa mwili mzima, mabega juu chini, na msuko wa tano unakuwa mnene kuliko wa nne. Nimeipiga marufuku kwa rasta ndogo. Kwa mtu wa kuosha na kukausha, ruksa. Naruto sisemi kitu. Vijana wote wa Kenya na Katuba, mitaa ya hapa mjini, waliimaliza kwenye simu zamani, na anayeigusa kwenye kreti yangu anataka tu kuhakikisha kama kitabu kinakubaliana naye.

Kilichochakaa kuliko vyote ni juzuu la kwanza la Fullmetal Alchemist. Jalada limeshika alama za vidole vya mafuta hadi uso wa shujaa wake, Edward, umekuwa wa kahawia kama wetu. Mwandishi wake, Hiromu Arakawa, ni mwanamke, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Hokkaido, na anapojichora mwenyewe hujichora ng'ombe mwenye miwani. Wateja hawaamini hadi niwaonyeshe. Aliichapisha toka 2001 hadi 2010, juzuu 27, akamaliza. Kumaliza ni adabu, wengine hawana.

Hadithi ni ya ndugu wawili waliojaribu kumrudisha mama yao kutoka kwa wafu. Mkubwa, huyo Edward, akapoteza mguu, kisha akatoa mkono ili roho ya mdogo wake ishikwe ndani ya vazi la chuma. Huo mwanzo unatuliza kichwa mara moja. Lakini kwetu sisi kitabu kinafunguka kwenye sura ya tatu, kwenye mji wa wachimbaji wa makaa uitwao Youswell. Afisa anayeitwa Yoki ndiye mwenye hati ya mgodi, anawakamua watu kodi juu ya kodi, na hakuna wa kumsemea. Edward anafika, anachukua rundo la takataka za mgodi, analigeuza dhahabu kwa uganga wake wa alkemia, anainunua hati kwa Yoki, kisha anawaachia wachimbaji. Yoki anakuja kushtuka dhahabu imerudi kuwa mawe.

Sasa fikirieni hadithi hiyo inasomwa kwa sauti Lubumbashi. Sisi takataka za shaba zilirundikwa hadi zikawa mlima, pale kando ya bomba la moshi la Gécamines, na kila mtu anajua kwamba takataka zile zina kobalti na kwamba mlima ulianza kuliwa kwa ajili hiyo. Mke wa mchimbaji mmoja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, alinishika mkono wenye kitana. "Mwambie arudilie," akasema. Binti akarudilia. Mara ya tatu mama yule alikuwa ameshika maneno ya Edward kuliko msomaji, na alikuwa anamtukana Yoki kwa jina la mtu mwingine, mtu ambaye simtaji hapa.

Nina neno la kiufundi pia. Edward anaweka msuko mmoja wa nyuzi tatu mgongoni. Anapigana juu ya treni, anarushwa ukutani, anatumbukia majini, msuko haufumuki. Nywele laini vile, bila mafuta wala uzi! Ningependa kujua siri. Ila Arakawa namsamehe kwa sababu ya Winry, fundi wa mikono na miguu ya chuma, anayekesha siku 3 kumtengenezea Edward mkono mpya, na huyo anaondoka na kwenda kuuvunja tena. Kila msusi ana mteja wa namna hiyo. Na ile sheria yao, kwamba ukitaka kitu utoe chenye thamani sawasawa, imenisaidia kazini: mama mmoja alipotaka nimshushie bei hadi nusu, binti wa chuo akamjibu toka ukutani, "Mama, ni sheria ya kubadilishana sawa kwa sawa." Akalipa.

Monster ya Naoki Urasawa ningeiweka juu zaidi kama ningekuwa nayo. Nilinunua "seti kamili" kwa muuzaji wa kando ya barabara, imefungwa kwenye nailoni iliyochomwa kwa moto kama mpya. Nyumbani nikafungua nikakuta la 1, la 2, la 5, na la 5 tena. Juzuu zote ni 18. Huwa napita mbele ya muuzaji yule, ananiamkia kwa heshima kubwa. Hata hivyo hizo tatu zimefanya kazi. Daktari Tenma, Mjapani, mpasuaji wa ubongo kule Düsseldorf, anaamriwa kumwacha mfanyakazi Mturuki aliyefika kwanza ili ampasue mwimbaji maarufu. Mturuki anakufa. Mke wake anamfuata Tenma kwenye ukumbi wa hospitali na mtoto wake, anampiga kifuani akilia kwamba mume wangu ndiye aliyefika kwanza. Binti alipofika hapo hakutafsiri vizuri, sauti ilimkwama, na hakuna aliyemwomba arudilie. Kila mmoja chumbani alikuwa ameshawahi kusubiri kwenye ukumbi wa hospitali akiwa na pesa pungufu. Baadaye Tenma anakataa amri ya pili, anamwokoa mtoto badala ya meya, na mtoto huyo anakua muuaji. Muda unavyokwenda Urasawa anamwachia Tenma nywele zirefuke hadi mabegani na ndevu zimwote. Hakuna haja ya kuandika "miaka ikapita." Mchoraji anayejua kwamba mtu mwenye shida haendi kwa kinyozi, huyo ananijua.

Death Note imeniletea kesi. Daftari: ukiandika jina la mtu huku unaukumbuka uso wake, anakufa. Juzuu 12, maneno ya Tsugumi Ohba, picha za Takeshi Obata, safi kama zilizochongwa. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alisikia muhtasari akauliza kwa upole kama mimi naona ni sawa kuweka kitabu cha buloji, yaani uchawi, mahali watu wanapoacha nywele zao. Msicheke. Nywele ni kitu cha mtu. Kuna wateja wanaozikusanya wenyewe sakafuni na kuondoka nazo kwenye mfuko, na mimi sijawahi kuwauliza kwa nini. Nikakishusha Death Note chini kabisa ya kreti. Matokeo yake ndicho kinachotafutwa zaidi. Mjadala wake ni mkali: vijana wanaona Light, kijana mwenye daftari, ana haki kuwaua wezi, wamama wanaona kijana asiye na kazi za nyumbani ndiye anayepata muda wa kuandika majina usiku kucha. Mimi niko na wamama. Tena kuna mtu anatoka kwenye juzuu la saba, na hadithi inatoka naye. Yanayofuata ni maelezo. L, mpelelezi wao, nywele zake hazijaona kitana tangu ubatizo, lakini angalau zinakaa hivyo katika kila ukurasa.

A Silent Voice, ya Yoshitoki Oima, juzuu 7 tu, ni ya kusoma kimya. Tulijaribu kwa sauti tukashindwa, kwa kuwa msichana mkuu, Shoko, ni kiziwi, na mambo makubwa yako kwenye vidole. Binti akawa anaacha kitabu magotini aige ishara, mimi naacha kusuka nimwangalie, siku hiyo nilifunga saa mbili usiku. Kijana aliyemtesa Shoko shuleni, hadi kumng'oa vifaa vya kusikilizia masikioni, anarudi miaka baadaye kutaka msamaha. Naambiwa wengine wanamchukia Shoko kwa upole wake wa kupita kiasi. Mimi pia ulinichosha mwanzoni. Lakini kuna siku anafunga nywele juu, mkia wa farasi, na vifaa vyake vinaonekana wazi. Amekusudia vionekane. Anamwambia kijana kwa sauti yake mwenyewe kwamba anampenda, *suki*, kijana anasikia *tsuki*, mwezi, anaangalia juu na kusema naam, mwezi ni mzuri. Nimesukia maharusi wengi. Mtu anapobadilisha mtindo wa nywele ghafla, usimuulize amependeza kwa nani. Muulize anataka kusema nini.

Sasa vile vitabu vinne. Wajapani wana riwaya fupi za vijana, wenyewe wanaziita light novel, maandishi na picha chache ndani, mara nyingi hadithi ikivuma ndipo inageuzwa manga. Nilizipuuza miezi mingi. Kumbe kwa saluni ndizo zenyewe. Hakuna picha ya kueleza. Mmoja anasoma, wote wanasikia, na hakuna kichwa kinachoinuka.

Viwili kati ya hivyo ni Spice and Wolf ya Isuna Hasekura, riwaya iliyoanza kutoka 2006. Chapa ya Kifaransa ya Ofelbe ina riwaya mbili ndani ya kitabu kimoja, nzito, ukiisoma umelala itakuvunja pua. Lawrence ni mchuuzi anayezunguka na mkokoteni. Usiku mmoja anamkuta Holo amelala kwenye mzigo, mbwa-mwitu wa zamani mwenye sura ya msichana, mlinzi wa ngano ambaye kijiji kimeacha kumhitaji. Ana masikio ya mnyama chini ya kofia na mkia anaouchana kila siku kwa kiburi, akiukagua nywele kwa nywele. Huyo nilimpenda toka hapo. Anapenda tufaha, anapenda pombe, na anajua kuuza: anafanya manyoya yanuke matunda kisha anamwambia mnunuzi kwamba harufu hiyo ni ya asili, bei inapanda.

Kiini cha kitabu cha kwanza ni sarafu. Kijana mmoja anamnong'oneza Lawrence kwamba fedha fulani itatolewa upya ikiwa safi zaidi, anunue mapema. Holo anazichezesha sarafu mkononi na kwa masikio yake ya mbwa-mwitu anasikia kwamba mlio wa zile mpya umefifia kidogo: fedha inapunguzwa. Kutokea hapo ni hesabu za wafanyabiashara hadi mwisho, na kuna wasomaji huko nje wanaolalamika kwamba hakuna mapigano. Waje Lubumbashi. Siku hiyo kwenye kiti cha kwanza alikaa mama kambisti, mbadilisha fedha mwenye meza yake barabarani na marundo ya faranga yaliyofungwa kwa mpira. Alikuwa ameinamisha kichwa nimsuke kisogoni, nikadhani analala. Binti alipomaliza sehemu ya mlio, mama akapeleka mkono kifuani, akatoa noti ya dola 100, akapitisha ukucha juu ya kola ya yule mzee wa Marekani. *Krr, krr.* "Munasikia?" akasema. "Ya uongo haiimbaki." Akampitishia kila mtu ukucha, hata mtoto aliyekuja kuniuzia maji.

Mimi nikaleta noti yangu ya 20, niliyolipwa na bibi harusi mmoja, yenye mchaniko pembeni mdogo kama punje ya mchele. Imekaa kwenye droo mwaka mzima. Marekani wangeipokea, hapa hakuna anayeitaka. Mama kambisti aliitazama upande huu, akaitazama upande ule, akanirudishia. "Huyu mbwa-mwitu wenu," akasema, "na yeye angeikataa."

Kasoro zipo. Lawrence na Holo wanataniana kwa namna ileile ukurasa wa 40 na ukurasa wa 240, na ninashuku mwandishi aliwapenda mno hata akaogopa kuwagombanisha sawasawa. Lakini kwa utulivu wa kichwa naipa ya kwanza.

Kitabu cha tatu ni Sword Art Online, watu 10,000 wamefungiwa ndani ya mchezo wa kompyuta, ukifa mchezoni umekufa kweli. Mwanzo unashika. Kisha kila msichana anampenda Kirito, shujaa wake, na mimi nikaacha kujali. Cha nne sitakitaja jina, ni cha yule kijana anayegongwa na lori na kuamka kwenye dunia nyingine akiwa na nguvu na wachumba. Kuna mamia ya hivyo. Lori ni mlango tu, linatajwa kwa mistari mitatu. Mteja mmoja ambaye kaka yake alifia kwenye barabara ya malori ya Kasumbalesa alikichukua, akafika ukurasa wa pili, akakirudisha kwenye kreti taratibu, akaomba aketi tu aangalie barabara. Nimekitoa.

Kimebaki ambacho hakikai tena kwenye kreti.

Gen d'Hiroshima ya Keiji Nakazawa ina juzuu 10. Ilianza 1973 kwenye Shōnen Jump, gazeti lilelile la wavulana ambalo baadaye lilibeba One Piece na Naruto. Nakazawa alikuwa na miaka 6 bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa shule ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake walibanwa chini ya nyumba iliyoungua. Kijana wake wa kwenye kitabu, Gen, yanampata hayohayo. Kwa uchoraji ni kitabu kigumu kupenda. Midomo mikubwa, kelele, baba anapiga watoto, watoto wanaumana, wote wanaimba. Nilianza nikidhani nimepewa kitu cha watoto wadogo.

Alikisoma mama wa Likasi, aliyekuja Lubumbashi kwa arusi. Alisoma kimya, Kifaransa chake kizuri. Alipofika juzuu la pili nilikuwa katikati ya utosi. Gen anashika kichwa chake, nywele zinabaki mkononi. Anashika tena, zinatoka tena.

Mimi nywele zinazotoka nazijua. Nimeshika za mama aliyejifungua, za mwenye dawa kali za saratani, za binti aliyeunguzwa na dawa ya kunyooshea. Zinakuja bila kuvuta, hilo ndilo linalotisha. Vidole vinategemea ukinzani na ukinzani haupo. Sijui Nakazawa alichoraje jambo hilo bila kuwa msusi. Basi kichwa cha yule mama hakikutulia wala hakikuruka. Kiliongezeka uzito. Nilihisi shingo imeacha kukibeba, nikakibeba mimi.

"Yaya," akasema, "hii kitu ilitoka kwetu."

Nilijua anachosema, kama kila mtu wa huku anavyojua bila kufundishwa darasani. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi, kilomita mia moja na kitu kutoka kiti alichokalia. Mwaka 1940 Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilivusha zaidi ya tani 1,000 za madini ya pale hadi New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka kwenye shimo hilo. Babu yake alifanya kazi Union Minière. Si lazima awe alichimba pale, akasema, hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Katika juzuu nilizonazo mimi Katanga, huku kwetu, haitajwi. Hiroshima hawakujua jiwe limetoka wapi. Na waliolibeba jiwe hawakuambiwa linakwenda wapi.

Sakafuni kulikuwa na nywele za siku nzima, za watu wanane au tisa. Kwa kawaida msaidizi wangu anazifagia kila saa. Siku hiyo alisimama na ufagio hadi tukamaliza.

Kwa hiyo Gen sasa nimemweka nyumbani. Anayemtaka aniombe, nitamletea, ila nitamuuliza kwanza anasukwa mtindo gani, kwa kuwa rasta ndogo na kitabu hicho sitaviweka pamoja tena. Vingine vyote viko kwenye kreti, kusoma ni bure ukiwa kitini, kuazima ni faranga 1,000 kwa wiki, na uje na mfuko wako wa nailoni kwa ajili ya mafuta.

Juzuu la tatu la Gen alikwenda nalo yule mama, tangu Pasaka. Mama, kama unasoma hapa, si haraka. Lakini ukipata mtu anayeshuka Lubumbashi mpe, la nne ninalo nakuwekea.